Mbegu za "Nyasi za Baridi" Zinazouzwa Nakuru: Tathmini kutoka Miinuko ya Mau

Mchanganyiko wa mbegu za malisho unaouzwa katika maduka kadhaa ya pembejeo mjini Nakuru kwa jina la "nyasi za maeneo ya baridi" ni bidhaa nzuri inayonadiwa kwa sifa isiyotufaa. Nimeupanda katika shamba la ng'ombe wa maziwa huko Mau Narok, sehemu ikiwa kwenye mteremko na sehemu ikishuka hadi bondeni ambako baridi hukusanyika, nao umekwisha kupitia majira ya mvua na jalidi za Januari na Februari. Sitaitaja kampuni inayoufungasha wala duka uliponunuliwa, kwa sababu pakiti zinazofanana nao sana, zenye maneno karibu yale yale mgongoni, zimo kwenye rafu za wauzaji mbalimbali, na lawama nilizo nazo zinayahusu maneno hayo kuliko zinavyomhusu mtu yeyote.

Ndani ya pakiti mna aina nne za mbegu. Raigrasi ya kudumu ndiyo nyingi zaidi, ikifuatwa na koksfuti na feskyu ndefu, kisha klova nyeupe kidogo, ambayo si nyasi bali ni ya jamii ya mikunde. Mgongoni pameandikwa kwa herufi kubwa kwamba mchanganyiko huu huvumilia jalidi hadi nyuzi 12 za selsiasi chini ya sifuri, na namba hiyo ndiyo inayouza bidhaa. Kijana aliyenihudumia aliigusa kwa kidole akaniambia, "Mzee wangu, hii hata theluji haiiwezi." Nilimuuliza namba hiyo ilipimwa wapi, naye akakiri kwa uungwana kwamba yeye huuza kilicholetwa dukani. Swali hilo lilistahili jibu, kwa kuwa mkulima anayelipa zaidi ya mara mbili ya bei ya kilo ya mbegu za Boma Rhodes, nyasi ya malisho iliyozoeleka kwetu, anailipia hasa ahadi hiyo.

Haja ya nyasi za namna hii ni ya kweli. Mjini Nakuru, kwenye kimo cha mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, mfugaji hana sababu ya kufikiria jalidi. Boma Rhodes humpa marobota ya kutosha na mabingobingo hustawi kando ya mtaro. Ukipanda kupitia Njoro kuelekea Mau Narok, au ukifuata barabara ya Elburgon hadi Molo, mambo hubadilika kabla hujafika mbali. Kwenye kimo cha mita 2,500 na kuendelea, Boma Rhodes hudumaa na kugeuka rangi ya majani makavu, na mabingobingo huungua ncha zote kwa usiku mmoja. Nyasi hizo mbili ni za jamii ya nchi za joto. Hata kabla ya maji kuganda, zikipata baridi iliyo chini ya nyuzi 10 hivi husimamisha ukuaji. Nyasi za baridi, kwa upande wao, huendelea kukua polepole hadi karibu na nyuzi 5, na hiyo pekee ni faida kubwa kwa mtu wa Molo ambaye ng'ombe wake wanahitaji jani bichi Julai, wakati jua halionekani kwa siku nyingi mfululizo.

Utafiti mkubwa wa malisho katika nchi yetu ulifanyika Kitale, na kampuni ya Kenya Seed, iliyoanzishwa huko mwaka 1956, ilianza kwa kuzalisha mbegu za malisho. Huko ndiko tulikopata Boma Rhodes, Elmba Rhodes na setaria ya Nandi. Hizo ni mbegu zilizotokana na nyasi zetu wenyewe, zikachaguliwa na watu walioijua ardhi hii, lakini nguvu zake ziko katika miinuko ya kati. Mkulima wa juu kabisa ya Mau amebaki kutegemea pakiti zitokazo ng'ambo, na pakiti hizo huja na maelezo yaliyoandikwa kwa ajili ya nchi zenye majira mengine.

Jalidi ya Mau ina tabia yake. Huja usiku usio na wingu, hewa ikiwa kavu na upepo umetulia, hasa Januari na Februari. Ardhi hupoteza joto lake kuelekea angani bila kitu cha kulizuia, hewa iliyo karibu na udongo hupoa, na kwa kuwa hewa baridi ni nzito, huteremka taratibu na kutuama mabondeni. Ndiyo maana shamba la mteremkoni linaweza kuamka likiwa na umande wa kawaida huku la bondeni, hatua chache tu chini yake, likiwa jeupe. Tena kipimajoto kilichowekwa kimo cha kifua hakisemi ukweli wote, kwa maana katika usiku kama huo majani yenyewe huwa na baridi zaidi ya hewa ya juu yake kwa nyuzi kadhaa. Saa nne asubuhi jua limekwisha kuyeyusha kila kitu, na kufika saa nane mchana joto hupita nyuzi 20. Usiku unaofuata mzunguko huanza upya.

Baridi ya Ulaya ya kaskazini au ya kusini mwa New Zealand haiji hivyo. Huko majira hubadilika pole pole, siku hufupika, joto hushuka wiki baada ya wiki, na nyasi hupata muda wa kujiandaa. Maandalizi hayo ndiyo kiini cha uvumilivu wote wa jalidi, na ndiyo pakiti isiyoyataja hata kwa neno moja. Joto linaposhuka chini ya nyuzi 10 na kukaa hapo, hasa likiwa kati ya nyuzi 0 na 5, mmea wa nyasi ya baridi hupunguza ukuaji lakini huendelea kutengeneza sukari kwa mwanga wa mchana. Sukari hiyo isiyotumika hulimbikizwa katika sehemu za chini za mashina, kwa kiasi kikubwa ikiwa fruktani, ambayo ni akiba na kinga kwa pamoja. Mafuta yaliyomo katika utando wa seli hubadilika ili utando ubaki mlaini hata ukipoa. Mmea hutengeneza pia protini za kuukinga ndani ya seli, na raigrasi ina protini za pekee zinazozuia chembe ndogo za barafu kuungana na kuwa vipande vikubwa vyenye kupasua tishu. Kazi hiyo yote huchukua wiki mbili, tatu au zaidi, na siku chache za joto hutosha kuibomoa.

Yafaa kueleza pia barafu inaua vipi, kwa sababu wengi hudhani seli hupasuka kama chupa iliyosahaulika kwenye friji. Kwa kawaida maji yaliyo nje ya seli, katika nafasi zilizo kati yake, ndiyo yanayoganda kwanza. Barafu hiyo huyavuta maji ya ndani ya seli yatoke nje, na seli hubaki ikinywea na kukauka. Ikiwa utando wake umeandaliwa, itastahimili kunywea huko na kujaa tena barafu inapoyeyuka. Ikiwa haukuandaliwa, utando huharibika, na jani linalolainika saa tatu asubuhi kana kwamba limechemshwa ndilo hilo lililopoteza seli zake. Barafu ikiingia ndani ya seli yenyewe, hapo hakuna la kuokoa. Kwa hiyo kuvumilia jalidi na kuvumilia ukame ni ndugu wa karibu, maana yote mawili ni kuvumilia upungufu wa maji ndani ya seli, na nitalirudia jambo hili kwa sababu ndilo lililoamua matokeo ya shamba langu.

Sasa namba ya pakiti. Nyuzi 12 chini ya sifuri si uongo. Raigrasi ya kudumu iliyoandaliwa vizuri kwa baridi hufika kati ya nyuzi 10 na 15 chini ya sifuri kabla nusu ya mimea yake haijafa, na hicho ndicho kipimo ambacho watafiti hutumia: mimea huwekwa katika mashine ya kugandisha, joto likashushwa hatua kwa hatua, kisha ikahesabiwa iliyochipua tena. Lakini raigrasi ile ile isiyoandaliwa, iliyotolewa moja kwa moja kutoka mahali pa joto, huanza kupoteza nusu ya mimea yake kwenye nyuzi 5 hadi 7 hivi chini ya sifuri. Hapa Mau, ambako mchana wa Januari ni wa joto, na urefu wa siku hautofautiani mwaka mzima kwa sababu tuko karibu na Ikweta, nyasi haipati nafasi ya kujiandaa kikamilifu. Kila usiku huianzisha kazi na kila mchana huivunja.

Hata hivyo jalidi yetu haifiki nyuzi 12 chini ya sifuri, wala haiikaribii. Kwa kawaida huteremka nyuzi chache tu chini ya sifuri, tena kwa saa chache za mwisho wa usiku, na kitako cha mmea, yaani ile sehemu ndogo iliyo kati ya mizizi na majani ambamo machipukizi yote huanzia, kimekaa juu ya udongo wenye joto la mchana uliopita. Namba ya pakiti basi inajibu swali ambalo hakuna mtu wa Mau Narok aliyeliuliza. Hatuogopi mmea kufa kwa usiku mmoja. Tunachotaka kujua ni kama utaendelea kutoa majani baada ya kuunguzwa mara nyingi ndani ya wiki sita, udongo ukiwa mkavu na ng'ombe wakiwa wanasubiri, na hilo halimo katika maandishi yale.

Katika mwezi wa kwanza wa mvua raigrasi iliwapita wenzake wote. Iliota haraka, ikafunika udongo kabla magugu hayajapata nguvu, na jani lake ni laini, tamu, lenye kumeng'enyeka vizuri; ng'ombe huliona na kuacha kila kitu kingine. Kwa mtu anayekata na kulisha zizini, hakuna kilichomo ndani ya pakiti kinacholipa mapema zaidi. Jalidi ya kwanza ilipokuja, raigrasi ya mteremkoni iliungua ncha tu, na ya bondeni iligeuka hudhurungi hadi karibu na udongo, lakini vitako vilibaki vyeupe na hai vilipopasuliwa. Vilichipua. Jalidi ikarudi, vikaungua, vikachipua tena kwa unyonge zaidi. Kila chipukizi hutumia akiba ya sukari iliyo chini ya shina, kama vile nyasi inayokatwa mfululizo bila kupumzishwa, na mizizi ya raigrasi ni mifupi, haifiki kwenye unyevu uliobaki chini. Kufika mwisho wa Februari mabaka ya udongo mtupu yalionekana bondeni. Muuzaji angesema imeuawa na baridi. Mimi nasema imeuawa na kiu, baridi ikiwa imeipunguzia nguvu.

Udongo mkavu una mchango wa pande mbili katika hili. Mmea ulioonja ukame kidogo huwa umekwisha kukusanya sukari ndani ya seli zake, hivyo huistahimili barafu kiasi zaidi ya mmea ulioshiba maji. Lakini udongo mkavu huhifadhi joto kidogo kuliko udongo wenye unyevu, kwa hiyo usiku juu yake huwa na baridi kali zaidi. Jirani yangu wa upande wa chini, mwenye bwawa, hunyunyizia kipande chake kidogo cha malisho jioni ambazo mbingu ni safi, na kipande hicho kimeponea mara nyingi kuliko changu.

Koksfuti ndiyo iliyonifanya niandike tathmini hii. Ilichelewa kuota, ikakaa miezi ya kwanza ikiwa imezidiwa na raigrasi kiasi kwamba nilidhani mbegu yake ilikuwa mbovu, na jani lake ni gumu kidogo, lenye kukataliwa na ng'ombe likiachwa kuzeeka. Lakini mizizi yake huenda chini, na baada ya jalidi za Februari mashada yake yalikuwa ya kwanza kurudisha rangi ya kijani, hata bondeni. Feskyu ndefu ilifanya vivyo hivyo, kwa nguvu zaidi kidogo mahali penye udongo mzito. Nyasi hizi mbili zinasemwa katika pakiti kwa mstari mmoja, na kwa uzito ni sehemu ndogo ya mbegu. Kwa mtazamo wangu ndizo zilizostahili kuwa nyingi, na raigrasi ikawekwa kama ya kuanzishia.

Neno "kudumu" nalo linahitaji tahadhari. Raigrasi ya kudumu huhitaji kipindi kirefu cha baridi, na baada yake siku ndefu, ili itoe mashuke. Karibu na Ikweta haipati siku ndefu hata mara moja, wala baridi ya kutosha isiyokatizwa, kwa hiyo hubaki majani matupu. Mfugaji hulifurahia jambo hilo, kwa kuwa jani lisilo na shuke lina lishe bora. Tatizo ni kwamba nyasi isiyozaa mbegu haiwezi kujaza mapengo yake. Baka lililokufa bondeni litabaki baka mpaka ununue pakiti nyingine, au mpaka nyasi ya kikuyu iingie yenyewe kutoka kando ya uzio, na mara nyingi ndivyo inavyokuwa.

Na nyasi hiyo ya kikuyu isidharauliwe katika tathmini kama hii, kwa sababu ndiyo mshindani halisi wa pakiti, tena haina bei. Ni nyasi ya miinuko yetu, iliyochukuliwa hadi Australia, New Zealand na Afrika Kusini, na leo inalisha ng'ombe wa maziwa huko. Jalidi huyaunguza majani yake yote na shamba huonekana limekufa, lakini mashina yake yatambaayo chini ya udongo hayaguswi, na mvua ya kwanza huifufua. Kasoro yake ni kwamba katika miezi ya baridi hulala karibu kabisa, wakati ambapo koksfuti inaendelea kuinua jani. Vilevile setaria aina ya Narok, yenye asili ya nyanda za juu za Kenya, ilisifiwa Australia kwa kuvumilia jalidi kuliko setaria nyingine. Nimeiulizia madukani Nakuru na sikuipata, na inashangaza kidogo kwamba ni rahisi kwetu kununua nyasi ya Ulaya kuliko hiyo.

Lawama yangu kubwa kwa pakiti haihusu baridi hata kidogo. Raigrasi na feskyu ndefu nyingi huishi na kuvu ndani ya tishu zake, kuvu ambaye huulinda mmea dhidi ya wadudu na ukame lakini baadhi ya aina zake hutengeneza sumu. New Zealand wanaujua vizuri ugonjwa wa kondoo na ng'ombe kutetemeka na kuyumbayumba baada ya kulishwa raigrasi ya namna hiyo, na Marekani wameona feskyu ndefu ikipunguza maziwa na kuharibu kwato kwa sababu hiyo hiyo. Mbegu za viwanja vya gofu na bustani huachwa na kuvu huyo makusudi. Mbegu za malisho zinatakiwa ziwe hazina kuvu, au ziwe na aina yake isiyodhuru mifugo, na jambo hilo linatakiwa kuandikwa. Kwenye pakiti hii halikuandikwa. Ng'ombe wangu hawakuonyesha dalili, ila mfugaji anayenunua mbegu ya raigrasi bila kuuliza kama ni ya malisho au ya bustani anabahatisha, na muuzaji asiyeweza kumjibu asimuuzie.

Kuhusu klova nyeupe sina mengi. Iliota vizuri, ikaleta protini na kuuongezea udongo nitrojeni, jalidi ikaibabua kidogo tu. Mfugaji ajihadhari asiwaachilie ng'ombe wenye njaa kwenye klova nyingi yenye umande, kwa maana matumbo huvimba kwa gesi na mnyama anaweza kufa kabla daktari hajafika. Na wale wa mashamba yenye udongo wa majivu ya volkano wakumbuke kwamba malisho mazuri kwa macho yanaweza kukosa madini ya kobalti. Sehemu hii ya nchi ilipata sifa mbaya enzi za walowezi kwa ugonjwa wa ng'ombe kukonda ulioitwa kwa jina la Nakuru, na chanzo chake kilikuwa upungufu huo. Hakuna mbegu itakayolitibu tatizo hilo. Chumvi yenye madini haina budi kuwepo zizini.

Karatasi ya maelekezo iliyomo ndani ya pakiti ni nzuri mahali fulani na mbaya mahali pengine. Kina cha kupandia cha sentimita moja ni sahihi, na ni kosa la kawaida kuzifukia mbegu ndogo kama hizi kana kwamba ni ngano. Kiwango cha kilo 8 hadi 10 kwa ekari kinakubalika, mradi udongo umesawazishwa na kushindiliwa kidogo. Inashauri kupanda mvua zikianza, Machi au Aprili, jambo ninaloliunga mkono kwa nguvu, kwa kuwa mche uliopandwa Agosti hufika Januari ukiwa na mizizi mifupi na hauna akiba yoyote. Inataja fosforasi wakati wa kupanda, na kwa udongo wa Mau unaoing'ang'ania fosforasi na kuinyima mimea, ushauri huo una thamani.

Ninapotofautiana nayo ni pale inapohimiza CAN, mbolea ya nitrojeni, kila baada ya kukata, mwaka mzima. Nitrojeni nyingi mwezi Novemba na Desemba huzalisha majani laini yaliyojaa maji na kuimaliza sukari iliyopaswa kuwa akiba, na shamba la namna hiyo ndilo linaloungua kwanza. Mbolea ya mwisho ya nitrojeni iwe mvua zinapokaribia kwisha, na potasiamu isisahauliwe, kwani mmea unaoipata ya kutosha hudhibiti maji yake vizuri zaidi. Karatasi pia haisemi lolote kuhusu kimo cha kukata kabla ya majira ya jalidi. Ukikwangua hadi chini umeondoa akiba na umekiacha kitako wazi; acha sentimita 7 hadi 10 zibaki. Wala haikatazi kuwaingiza ng'ombe malishoni alfajiri jalidi ikiwa bado juu ya majani. Jani lililoganda likikanyagwa huvunjika seli zake, na baada ya siku mbili nyayo zote huonekana nyeusi shambani. Ng'ombe wasubiri mpaka jua liyeyushe.

Ununuzi wenyewe ulikuwa wa heshima. Mfuko ulikuwa mzima, umeshonwa, na lebo yake ilionyesha asilimia ya uotaji, usafi wa mbegu na tarehe ya kupimwa, mambo ambayo mnunuzi hapaswi kuyapuuza hata kama yameandikwa kwa herufi ndogo. Hata hivyo nimeona katika duka jingine mbegu kama hizi zikipimwa kwa kilo kutoka kwenye gunia lililo wazi, karibu na dirisha lenye jua. Mbegu za nyasi hupoteza uhai upesi zikikaa kwenye joto na unyevu, na gunia lililofunguliwa halina tena lebo ya kulishuhudia. Aliyeuziwa hivyo na mbegu zikakataa kuota hana pa kwenda. KEPHIS, yaani shirika la serikali la ukaguzi wa afya ya mimea, wana ofisi yao hapa Nakuru na mbegu ni miongoni mwa kazi zao, basi mwenye shaka kuhusu lebo na aipeleke huko kabla ya kufungua mfuko.

Kama nitaupendekeza mchanganyiko huu itategemea mwulizaji anaishi wapi. Aliye Nakuru mjini, Rongai au Bahati asipoteze fedha zake. Boma Rhodes itampa chakula kingi kwa bei ndogo. Aliye Njoro au Elburgon anaweza kuujaribu kwenye kipande kidogo chenye maji karibu, akijua kwamba raigrasi itamlipa kwa majani ya miezi ya mvua na huenda asiione baada ya miaka miwili. Kwa watu wa Molo, Kuresoi na Mau Narok walio kwenye mteremko, nasema nunueni, lakini ombeni mfungashaji awauzie koksfuti na feskyu peke yake ili mziongeze wenyewe hadi zifikie nusu ya mbegu zote. Mwenye bonde linaloganda kila mwaka na asiye na maji ya kunyunyizia aliache bonde hilo kwa nyasi ya kikuyu, apande oti wakati wa mvua kwa ajili ya silaji, yaani malisho yanayovundikwa na kuhifadhiwa, na mbegu hii ya bei ghali aipeleke juu.

Kwangu mimi mteremko utapandwa tena msimu ujao kwa mpango huo, nusu ikiwa koksfuti na feskyu. Muuzaji ameahidi kuniagizia koksfuti kwa mfuko mzima, na bei aliyonitajia iko chini kidogo ya ile ya mchanganyiko.